Naomba ushauri: saiti iko ndani ya VirtualBox, Windows haiioni

Asalam alaykum wakuu, mie niko Chake Chake, namtengenezea ami yangu saiti ya duka la viungo. Laptop ni Windows 10 ramu GB 8, nimeweka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) na Ubuntu Server, yaani Linux ya seva, ndani nikaipa GB 2, Apache (programu inayotoa kurasa za saiti) inawaka, nikipiga amri ya curl localhost kuvuta ukurasa humo humo unakuja, ila nikiandika 10.0.2.15, anwani ya hiyo Ubuntu, kwenye Chrome ya Windows inazunguka weee mpaka inakata. Najua NAT (mtandao wa kawaida wa VirtualBox) inaificha mashine ya ndani, sasa nifowadi poti 8080 ya Windows iende 80 ya Ubuntu, au niongeze kadi ya pili ya mtandao ya Host-Only (laptop na mashine ya ndani tu) nipate anwani ya 192.168.56? Hiyo ya pili naipenda zaidi, ingawa zote mbili hazihitaji bando. Na mafaili je, WordPress (mfumo wa kutengenezea saiti) kwenye folda ya kushea kati ya Windows na Ubuntu inafunguka taratibu mno, niyahamishie ndani ya Ubuntu?