Naomba ushauri: muziki unaonigusa rohoni si ule wa kanisani

Hamjambo wapendwa. Niko Malindi, napiga kinanda kwenye kikundi cha sifa. Hizi nyimbo mpya za kuabudu zimenichosha. Zote ni zilezile: kinanda polepole, ngoma zinaingia, kibwagizo kinarudiwa mpaka mikono iinuke, kisha tunaambiwa Roho ameshuka. Mimi niliye karibu na mitambo naona ni sauti tu iliyopandishwa.

Lakini wakati wa Maulidi Lamu, nje ya msikiti wa Riyadha, vijana wamejipanga safu, matari yanalia, wanainama na kuinuka pamoja. Mimi Mkristo, Kiarabu sikijui, na mwili ulinisisimka. Kayamba za Kigiriama nazo hunifanyia hivyo. Halafu kuna John Coltrane, yule Mmarekani wa saksafoni, aliyerekodi albamu ya A Love Supreme mwaka 1964 kumshukuru Mungu. Maneno machache mno, lakini nasali nayo vizuri kuliko Jumapili.

Mchungaji wangu anasema nitapotea. Mliopitia haya, mlibaki kwenye kikundi au mlijitoa? Na mnasikiliza nini? Za redioni msinitumie, nazipiga kila wiki.