Rune Factory 4: nalima mpaka nachoka, kwa bosi napigwa. Nisaidieni

jembe58, Nakuru
Habari zenu wadau. Nilinunua Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, ya mkono wa pili hapa Nakuru nikaweka Rune Factory 4 Special kwa sababu jamaa mmoja aliniambia ni ukulima na upanga ndani ya gemu moja, nikaona hiyo ni yangu kabisa. Hadithi iko sawa, unaanguka kutoka angani hukumbuki chochote, unaangukia joka, wanadhani wewe ndiye mwana wa mfalme waliyekuwa wanangoja halafu unapewa nyumba kwa jumba na shamba bure. Nani atakataa.

Sasa shida. Shamba nimejaza yote, tanipu mpaka kwa kona, na kumwagilia namwagilia mraba mmoja mmoja. RP, zile nguvu za kufanya kazi, zinaisha sijafika hata nusu, na zikiisha kila nikiinua mkebe unakula damu yangu, yaani uhai wenyewe. Nikimaliza hapo naingia msitu wa Yokmir nikiwa nimechoka kama punda wa mkokoteni, namkuta yule bosi, adui mkubwa wa hapo, kipepeo anaitwa Ambrosia, ananizungusha mara mbili tatu naamka kwa kliniki ya daktari Jones na bili juu. Hii ni mara ya nne. Jana wife amekaa hapo kando akaniuliza, "na huyo daktari mmeanza kujuana?"

Niachane na shamba kwanza nipigane, ama nilime tu mpaka nipate pesa ya silaha?

joka_la_kondele, Kisumu
Pole ndugu, hapo sote tumepita. Usiache shamba, punguza. Hii gemu kila kitu kina levo yake, kulima, kutembea, kulala, hata kuoga, na levo ikipanda nguvu na RP zako pia zinapanda, kwa hivyo ukiacha kulima ni wewe unajinyima. Lakini kwani ni nani alikutuma ujaze shamba yote? Panda ile utamwagilia na ubaki na nusu ya RP. Halafu kabla ya kwenda msituni pitia ile hoteli ya Lin Fa uoge, maji yanakurudishia nguvu. Mimi nilicheza wiki mbili nikidhani bafu ni mapambo tu.

Na beba chakula. Bosi hatakungoja lakini ukifungua begi ukule kitu unapona hapo hapo.

jembe58, Nakuru
Kuoga!! Nimepita hapo mara mia.

mkulima_kweli, Kakamega
Vijana hamjambo. Mimi ni wa shamba kabisa, hii gemu niliionea kwa kijana wangu likizo akanifundisha, sasa yeye amerudi shule na mimi ndio nimebaki nayo. Huyu wa Nakuru nikuulize, zile nyasi unazong'oa unapeleka wapi?

jembe58, Nakuru
Shikamoo mzee. Nauza ama natupa tu.

mkulima_kweli, Kakamega
Marahaba. Ndio hiyo. Udongo wa pale unachoka kama huu wetu tu, ukipanda juu ya kupanda bila kurudisha kitu utaona mimea inazembea. Kuna pipa la mbolea hapo shambani, nyasi zote tupa ndani, hata zile zimekauka, na kila siku linarudishia udongo nguvu kidogo kidogo. Nilipoliona nilicheka sana, kijana wangu hapa nyumbani ukimwambia apeleke majani kwa shimo la mbolea anakuambia mgongo unauma, lakini pale ndani anakimbia.

La pili, mvua ikinyesha hakuna kumwagilia. Siku hiyo ndio ya kwenda vita.

nyota_ya_bgm, Bungoma
Wazee wamesema ukweli lakini mmeacha lile kubwa, MONSTA. Hao si wa kuua tu. Mpe mmoja zawadi badala ya kumpiga, akikataa mpe tena, akikubali anaingia kwa banda lako. Banda unalijenga kwa mbao na mawe kwa hivyo kata magogo usiyapite. Ukimpiga brashi kila siku anakupenda, na upendo ukipanda unamwachia kumwagilia na kuvuna. Mimi nilianza na Wooly, yule kondoo anasimama kwa miguu miwili, yuko pale nje ya mji tu. Wengine unaenda nao vitani wakupunguzie kichapo.

Alafu tafadhali usiniambie bado uko na ule upanga wa kwanza.

jembe58, Nakuru
...

nyota_ya_bgm, Bungoma
Nilijua. Tafuta ile mikate ya mapishi na ya silaha, unakula mkate unajua kutengeneza kitu. Usiniulize ni kwa nini mkate, Wajapani ndio wanajua.

retro_milimani, Kisumu
Mimi naongeza tu kwamba hii kitu ilitoka kwanza 2012 kwa 3DS, mashine ya zamani ya Nintendo, kule Japani, na kampuni iliyoitengeneza, Neverland, ilifunga 2013. Kila nikiicheza nahuzunika kidogo. Haya endeleeni. Na ukiona damu imeshuka kabla hujafika kwa bosi, tumia ule uchawi wa Escape urudi nyumbani, acha kiburi.

jembe58, Nakuru
Wadau nimerudi. Nilipanda nusu ya shamba, nikangoja siku ya mvua kama mzee alivyosema, nikaoga, nikabeba chakula, na Wooly wangu nyuma, nimempa jina Mwenyekiti. Ambrosia alinipiga nikabaki na damu kidogo hivi, nikala, nikampiga, AKALALA. Wife mwenyewe alipiga makofi.

Lakini leo nimeamka nikakuta kimbunga kimepita usiku, magogo na mawe shamba yote, tanipu hakuna hata moja. Hii nayo ni nini?

joka_la_kondele, Kisumu
Karibu Selphia, ndio mji wa hii gemu. Ulisevu saa ngapi? Kama ni kabla ya kimbunga unaweza kurudi nyuma.

jembe58, Nakuru
Baada ya kuamka.

mkulima_kweli, Kakamega
Magogo hayo si ndio mbao za banda la pili. Shika shoka.