Naenda Juba Januari: chanjo ya uti wa mgongo ni lazima?

Kijana_Pipeline: Wadau, nimepata kazi ya stoo Juba, naripoti katikati ya Januari. Mwajiri anataka kadi ya homa ya manjano tu, na ninayo. Sasa shemeji amesisitiza nichanjwe homa ya uti wa mgongo pia. Nimezaliwa hapa Nairobi na sijawahi kuisikia mtaani. Ni kweli, ama ni pesa yangu inatafutwa?

Nesi_wa_Zamu: Msikize shemeji. Kuna ukanda unaokata Afrika kutoka Senegali hadi Ethiopia, na Sudan Kusini imo. Huko ugonjwa hupanda kiangazi, kati ya Desemba na Juni. Vumbi na hewa kavu huchubua pua na koo, watu wanalala wamebanana, na bakteria aliyekuwa ametulia kooni anapata upenyo wa kuingia damuni. Mvua zikishika, mlipuko unazimika. Wewe unafika msimu ndio unapamba moto. Ulizia chanjo inayokinga aina nne za bakteria huyo, yaani A, C, W na Y, angalau siku 10 kabla ya safari.

Dereva_Nimule: Sisi tunapita huko kila mara bila hiyo sindano na tuko hai 😂

Nesi_wa_Zamu: Kupita na lori si sawa na kulala bweni moja na watu miezi sita, boss.

Mzee_wa_Jericho: Kijana, hujaisikia kwa sababu hukuwa umezaliwa. 1989 ilipiga Nairobi hii hii, wagonjwa karibu 3,800. Na Pokot Magharibi wakapata mlipuko 2006.

Kijana_Pipeline: Shikamoo mzee. Lakini si nasikia kuna chanjo iliyoumaliza?

Nesi_wa_Zamu: Iliyomalizwa ni aina A. Chanjo yake, MenAfriVac, ilianza Burkina Faso 2010, na tangu 2017 hakuna mgonjwa wa A aliyethibitishwa ukandani. C, W na X bado zipo. C iliitesa Nigeria 2017, na 2024 wakawa wa kwanza kutoa chanjo mpya inayokinga hadi X. Hiyo ya A, C, W na Y haigusi X, kwa hivyo hata ukichanjwa, ukishikwa na homa, kichwa kikapasuka na shingo ikakataa kuinama, usianze na dawa za malaria za dukani. Hospitali, saa hiyo hiyo. Usipotibiwa huua hadi nusu ya wagonjwa.

Mama_Kayole: Na mwajiri ndiye alipie. Mwambie kabla hujasaini.