Kizimba cha waya, uzio au jikoni: papi afungiwe wapi?

Otis_Umoja: Wadau, Jumamosi naletewa papi. Nimeona kizimba cha waya cha kukunja, na ule uzio wa vipande unaozungushwa sebuleni. Mke wangu anasema afungiwe jikoni, pesa zikae. Nichukue kipi?

MamaPendo: Papi wa aina gani? Ana umri gani? Mnakaa ghorofani ama mna uwanja? Nani hushinda nyumbani? Ama unataka tupige ramli?

KaNjoro: Kizimba, basi. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, kwa hivyo hujifunza kubana. Lakini kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu. Ukinunua kikubwa eti atakua, atalala kona hii akojoe ile. Tafuta chenye kizuizi cha ndani, unakisogeza anavyokua.

SajiniMstaafu: Mbwa ni wa nje. Mjengee kibanda, mchana mfunge, usiku mfungue alinde. Haya ya sebuleni ni ya watu wa Lavington.

MamaPendo: Sajini, katoto kama hako kalinde nani na baridi hii ya Julai?

Otis_Umoja: Ana wiki 8. Mama ni German Shepherd, baba hajulikani. Tuko ghorofa ya tatu, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, dada wa kazi huingia saa nne.

KaNjoro: Hapo kizimba pekee hakifai. Wa umri huo hubana masaa mawili, matatu akijitahidi sana. Akizoea kulalia mkojo wake, kumrudisha ni kazi. Mchana uzio, magazeti upande mmoja. Usiku kizimba, kando ya kitanda chako.

Wambo_Kasarani: Chochote utakachochukua, usinunue cha mtumba. Mimi niliuziwa kimoja na jamaa wa mtandaoni, kinang'aa, akaapa mbwa wake amekua tu. Nikakiosha kwa sabuni, nikatandika shuka. Siku chache baadaye papi akasusa chakula, akatapika povu, kisha akaanza kuhara damu. Ile harufu! Daktari akapima: parvo, kirusi kinachoshambulia matumbo ya mbwa. Ikawa dripu na sindano, kila siku kliniki, mtoto nimemfunga kwenye leso. Papi alipona, lakini alibaki mifupa. Kumpigia muuzaji, eti "hata wale wengine waliugua kidogo." Wale wengine! Kirusi hicho hakifi kwa sabuni, na hukaa miezi mingi sakafuni na kwenye udongo. Jiki ndiyo hukiua. Na Otis, chanjo zirudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Kabla ya hapo asikanyage nje wanapopita mbwa wa mtaa.

SajiniMstaafu: Enzi zetu hakukuwa na parvo.

Wambo_Kasarani: Imejulikana tangu 1978. Enzi zenu ni lini?

SajiniMstaafu: 1971 nilikuwa na mbwa wawili Gilgil.

MamaPendo: 😂 Wambo, hapo umeshikwa.

Kipepeo_SouthB: Landilodi anajua lakini? Mkataba wetu unakataza wanyama, na keretaka mwenyewe ana paka watatu.

Otis_Umoja: Wetu hautaji mbwa. Sasa akilia usiku nimtoe?

KaNjoro: Mwache. Ukimtoa kila akilia, umemfundisha kulia.

MamaPendo: Usimwache! Ametoka kwa mama yake juzi, na huenda amebanwa na mkojo. Mtoe akojoe, usicheze naye, mrudishe.

KaNjoro: Utamlea mtoto wa mayai.

FundiMoto_Kariobangi: Hivi vizimba nachomelea, na kizuizi naweka. Nipe vipimo vya mbwa.

Kipepeo_SouthB: Fundi, na vya paka je?