Nimehamishiwa thieta, nianze kujifunza nini kwanza?

Nesi Mgeni
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nimetolewa wodini, naanza thieta, chumba cha upasuaji, wiki ijayo. Wodini nilikuwa najijua: dawa kwa saa zake, vidonda, ndugu wa wagonjwa na maswali yao. Huku sista wa zamu amenitembeza, akanifunulia seti ya upasuaji wa tumbo, na makoleo yote nikayaona mapacha. Halafu yupo daktari asiyetaja kifaa. Ananyoosha kiganja tu, akipewa kingine anafoka. Nikariri nini kwanza? Na nikigusa pasipotakiwa katikati ya kesi nafanyaje? La tatu naliuliza kwa aibu: harufu ya nyama kuungua ilipopanda nilisikia kizunguzungu.

Mama Trei
Marahaba mdogo wangu. Majina ya makoleo yatakuja yenyewe. Wewe jifunze hatua za operesheni, kwa sababu kile kiganja kimya kinasomeka ukijua mtu amefika wapi. Mshipa ukishabanwa pande mbili na kukatwa katikati, kitu kinachofuata ni uzi wa kufungia, na baada ya uzi ni mkasi. Ukiona damu inajaa, andaa gozi, vile vitambaa vya kunyonyea damu, na mrija wa kufyonzea kabla hujaambiwa. Macho yakae kwenye jeraha. Wageni wengi wanakodolea trei yao, wakiinua kichwa kesi imeshawapita. Usiku uliotangulia soma kesi ya kesho, hata kurasa mbili.

Sasa kuhesabu, na hapa sina utani. Gozi, sindano na vifaa mnahesabu wawili, wewe uliyenawa na kuvaa joho ili umpe daktari vifaa, na mwenzako anayezunguka kuleta vitu bila kugusa meza safi, kwa sauti, wote mkikiangalia kinachohesabiwa. Mnahesabu kabla ya kuchana, kabla ya kufunga tumbo, tena kabla ya kufunga ngozi, na kila mnapopokezana zamu. Gozi usiikate vipande hata ukiombwa. Ndoo ya taka haitoki chumbani kabla hesabu ya mwisho haijatimia. Isipotimia, sema wazi: "Daktari, hesabu haijatimia, tunakosa gozi moja." Atafoka. Mwache afoke huku mkitafuta kwenye mikunjo ya mashuka, chini ya meza, ndani ya ndoo. Isipoonekana, ipigwe picha ya eksirei mgonjwa akiwa bado mezani. Gozi za thieta zina uzi unaoonekana kwenye picha kwa kazi hiyo hiyo. Hakuna anayeruhusiwa kukuambia "hiyo tutaiona baadaye".

Kuhusu kugusa: joho lako ni safi, yaani halina vijidudu, mbele tu, kuanzia kifuani hadi usawa wa meza, na mikono hadi juu kidogo ya kiwiko. Mgongo si safi, hata kama limekuzunguka lote. Kwapa nalo si safi, kwa hiyo usikunje mikono na kuficha viganja huko ukisubiri. Kitu kikishuka chini ya usawa wa meza si safi tena. Ukigusa, au ukidhani tu umegusa, sema na ubadilishe glavu. Basi. Tena hizo glavu historia yake ni yetu: pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, kwenye 1889 au 1890, daktari Halsted aliagiza glavu nyembamba za mpira kwa ajili ya nesi wake wa thieta, Caroline Hampton, ambaye dawa ya kuulia vijidudu ilikuwa inamharibu ngozi ya mikono. Baadaye wakaoana, ila hilo halimo kwenye maelezo ya kazi.

Anayezunguka
Mama Trei nakuheshimu, lakini majina lazima ayajue, hasa akianza kwa kuzunguka kama wengi wanavyoanzishwa. Ukiagizwa kitu stoo huwezi kurudi kuuliza sura yake. Angalau haya: mpini namba 3 unashika visu namba 10, 11 na 15, mpini namba 4 unashika 20 hadi 24. Uzi wa 4-0 ni mwembamba kuliko 2-0. Hapo wageni wote wanapotelea. Sahani ya dayathemi, ile mashine ya umeme ya kukatia na kuchomea nyama, ibandike mahali pa mwili penye nyama, pasiwe na mfupa, kovu wala nywele nyingi. Spiriti ya kupakia ngozi ikauke kabisa kabla dayathemi haijawashwa, kwani inashika moto. Sampuli ikitoka, uliza kabla ya kuitumbukiza kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli: inayokwenda kuoteshwa vijidudu haitakiwi kuguswa na fomalini.

Wa Usingizi
Kizunguzungu kimewapata wengi, dada, wakiwemo vijana wa miraba minne. Kula kabla ya kuingia. Ukisimama usikaze magoti, chezesha vidole vya miguu. Ukiona jasho jembamba na masikio yanavuma, sema "nahitaji kukaa", rudi nyuma kutoka mezani, keti hata sakafuni. Usijikaze ukaja kuangukia jeraha la mtu. Harufu utaizoea.

Ombi langu: ninapomlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, msigonganishe vifaa wala kupiga soga. Yule bado anasikia.

Nesi Mgeni
Asanteni sana. Mama Trei, na kama aliyegusa pasipo safi ni daktari mwenyewe, yule yule wa kiganja?

Mama Trei
Unamwambia kama unavyomwambia mwingine yeyote: "Glavu ya kushoto, daktari, imegusa taa." Usieleze zaidi, usiombe radhi. Anayezunguka amvue ile chafu, wewe umvishe nyingine. Kwa hiyo waulize saizi zao za glavu kabla hawajaenda kunawa, na jozi ya akiba ya kila mmoja iwe karibu.