Lori la kanjo likishaondoka: familia za mitaani Nairobi, tuidai kaunti nini hasa?

MkaziWaPangani

Habari zenu wadau. Kamati yetu ya wakazi, upande huu wa Pangani na Ngara, inataka kupeleka maoni ya maandishi kaunti kabla bajeti haijapitishwa. Ni kuhusu familia zinazolala kando ya barabara na chini ya madaraja. Kuna akina mama wenye watoto wachanga, vijana wa kuokota chupa na skrepa, wazee kadhaa, na watu wanaougua akili bila mtu wa kuwaangalia. Mtindo unajulikana: mgeni mkubwa akikaribia kutua mjini, au malalamiko yakizidi, lori la kanjo, yaani askari wa kaunti, linakuja usiku, watu wanapakiwa, blanketi zinatupwa. Wiki chache baadaye base, pale wanapokusanyika na kulala, iko pale pale, ila watoto sasa wanamkimbia yeyote mwenye beji.

Kamati haijaelewana. Wengine wanataka tuombe lori lije mara nyingi zaidi, wengine wanataka kituo kikubwa kijengwe mbali na mji. Mimi naona yote mawili hayagusi shida yenyewe. Wanaoijua kazi hii watusaidie: nani ana wajibu gani kati ya kaunti na serikali kuu? Sheria inaruhusu watu kuzolewa hadi wapi? Na tukiwa na ukurasa mmoja tu, tuombe nini kinachotekelezeka, chenye hesabu?

DawatiLaUstawi

Kuhusu wajibu: Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti nyumba, huduma za afya za kaunti na vituo vya malezi ya watoto. Serikali kuu ina polisi, machifu, vitambulisho, maafisa wa watoto, na ile hazina ya urekebishaji wa familia za mitaani iliyoundwa 2003. Kwa hiyo mama mmoja wa base mwenye watoto wawili anahitaji ofisi nne au tano, na hakuna hata moja iliyopewa kazi ya kumtoa mlango huu na kumfikisha ule. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao, karibu thuluthi moja, walikuwa Nairobi. Idadi kama hiyo haimalizwi na lori.

Kazi inayozaa matunda huanzia base. Pelekeni watu wawili, wale wale kila wiki, jioni baada ya gunia la chupa na skrepa kuuzwa. Alfajiri hawapatikani, wameshatoka kuokota. Kila base ina kiongozi, na usipoanza na yeye hutaambiwa jina la kweli la mtu yeyote. Andikeni jina analotumia, umri, alikotoka, nani wa ukoo bado yuko, ana karatasi gani, anatumia dawa gani. Rejista hiyo isifike mikononi mwa askari hata siku moja. Ikifika, mazungumzo yameisha.

Baada ya hapo watu hutengana katika njia tofauti, na hapa ndipo mipango mingi huharibika kwa kuwatendea wote sawa.

Mtoto aliye peke yake ni suala la Sheria ya Watoto ya 2022. Apelekwe kwa afisa wa watoto, au piga 116, ni bure, saa 24. Kukaa katika makao ya watoto kunahitaji amri ya mahakama, na ni kwa muda tu, kwa sababu mkakati wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032 unataka mtoto arudi kwenye familia. Lakini kumrudisha si kumpakia kwenye gari na kumshusha kwa nyanya yake siku hiyo hiyo. Kwanza afisa aende nyumbani bila mtoto, ajue kilichomfukuza: kipigo, njaa, baba wa kambo, ada. Kisha azungumze na chifu na mwalimu mkuu. Ziara ya tatu ndiyo ya mtoto. Halafu afuatiliwe wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, mwezi wa sita. Bajeti nyingi hulipia gari la kwenda na kusahau nauli ya kurudi kumwona, na mtoto asiyefuatiliwa utamkuta tena mtaani Muthurwa kabla muhula haujaisha. Akirudi shule ya msingi ya umma hapa Nairobi, aandikishwe Dishi na Kaunti, mpango wa kaunti wa chakula shuleni, mara moja. Chakula cha mchana cha shilingi 5 kinamshikilia mtoto shuleni kuliko mahubiri yoyote.

Familia yenye mzazi haihitaji kituo. Inahitaji chumba. Tuseme chumba cha mabati Mathare ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Deposit ya mwezi mmoja na kodi ya miezi mitatu ni 14,000. Ongeza godoro, jiko, sufuria na mtaji mdogo wa biashara. Mlipeni mwenye ploti moja kwa moja, mwezi kwa mwezi, na mwezi wa nne mzazi aanze kuchangia nusu. Chumba kiwe karibu na riziki yake. Mama anayefua nguo Eastleigh ukimpangia Ruai, nauli itamla na atarudi kulala alipokuwa.

Karatasi nazo ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Bila kitambulisho mtu mzima hajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, mzee wa miaka 70 hapati zile 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ruzuku ya serikali, hata laini ya simu hasajiliwi. Wengi walizaliwa mtaani na hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo ni usajili uliochelewa: tafuteni kadi ya kliniki, barua ya shule, barua ya chifu. Aliyezaliwa Pumwani, anzeni na rejista ya hospitali. Pangeni mtu wa kuandamana naye hadi kwenye dirisha, kwa sababu akiambiwa "rudi kesho" mara mbili, haji tena.

Na la mwisho, ambalo linaniuma sana kila lori linapopita. Matibabu ya kawaida ya TB huchukua miezi sita. Mtu aliye mwezi wa tatu akizolewa usiku na kushushwa mahali asipopajua, dawa imekatika, na ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Anayetumia ARV, dawa za virusi vya ukimwi, ni vivyo hivyo. Na aliyetoka Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, akiwa ametulia, akikosa dawa za kuendelea nazo, atarudi kule kule alikoanzia. Hao si wengi katika base moja, na wahudumu wa afya wanaweza kuwafuata kwa majina.

MsaidiziWaSheria

Naongeza upande wa sheria, ili kamati isiandike ombi ambalo kaunti haiwezi kulitimiza kihalali.

Sheria ya Uzururaji ilifutwa 1997, kwa hiyo kutokuwa na makao si kosa. Mnamo Desemba 4, 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za kuwakamata watu kwa uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika. Kinachotumika mtaani ni sheria ndogo za kaunti na makosa madogo ya usumbufu. Hata hapo Katiba inabana: Kifungu 49 kinataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kinakataza kumweka rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Maana yake ni kwamba kumzoa mtu, kumzungusha usiku kucha na kumshusha kaunti nyingine bila kumfikisha popote hakuna msingi. Blanketi na gunia ni mali yake, na Kifungu 40 hakibagui mali ya maskini.

Mkitaka kujua watu walipelekwa wapi, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andikeni barua: tarehe ya operesheni, idadi ya wanawake, wanaume na watoto, walipelekwa kituo gani, nani alisaini kuwapokea. Ofisi ina siku 21 kujibu. Suala likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikaa kimya, pelekeni kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Halafu msisahau bomba linalojaza barabara. Familia nyingi mpya hutokana na ubomoaji. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu, na Mahakama ya Juu katika kesi ya Mitu-Bell, Januari 2021, ilithibitisha kuwa haki ya makao inawahusu hata walio kwenye ardhi ya umma. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wakazi wengi wa kingo za mito Mathare na Mukuru walibaki bila pa kwenda. Fedha ya kodi ya dharura kwa watu kama hao, ikilipwa wiki ile ile ya ubomoaji, inazuia familia kufika kwenye daraja lenu.

MamaWaKariokor

Mimi niseme moja tu kwa walio kwenye kamati. Mnaopeleka chakula base Jumamosi, nia ni njema na Mungu awabariki, lakini mtoto aliyerudishwa nyumbani Ijumaa hurudi Jumamosi kwa sababu anajua sahani iko wapi. Kubalianeni na kituo cha mchana, kanisa au msikiti, chakula kitolewe mahali pamoja, na mhudumu wa ustawi awepo na rejista yake. Nguo na viatu vilevile. Pesa ambayo mngenunulia soda za Krismasi inatosha nauli ya kumfuatilia mtoto.

MkaziWaPangani

Asanteni sana. Nimewasomea wenzangu na hoja ya kodi ya chumba imewaingia. Wanauliza swali moja: wodi yetu ina ukumbi wa kijamii ambao usiku hukaa mtupu. Je, ukifunguliwa kwa kulala, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai, utafaa au utaleta fujo?

HesabuZaKaunti

Utafaa ukipangwa kwa vipimo. Viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura ni mita 3.5 za mraba kwa mtu, choo kimoja kwa watu 20, na lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Ukumbi wa mita 12 kwa 15 ni mita 180 za mraba, yaani watu 51 kwenye karatasi. Ondoa njia, meza ya usajili na stoo, unabaki na 40. Hao ni lita 600 kwa siku, mitungi 30 ya lita 20, kwa hiyo tanki la lita 1,000 na bomba lisilokatika. Vyoo viwili ndiyo kima cha chini, lakini wanawake wawe na vyao, vyenye komeo ndani na taa. Ukumbi wenye choo kimoja nje gizani hakuna mama atakayelala humo.

Fujo mara nyingi hutokana na masharti mabaya ya mlangoni. Moja, gunia. Mwokotaji akiambiwa aliache nje, hatalala, kwa sababu hiyo ndiyo mshahara wake wa kesho. Wekeni ua wenye uzio na namba kwa kila gunia na mkokoteni. Mbili, kuwatenga wavulana wa miaka kumi na kitu na mama zao. Mama ataondoka na wote. Gaweni ukumbi kwa mapazia: familia upande mmoja, wanaume wasio na familia upande mwingine, na mlango tofauti kama upo. Tatu, gundi ya kuvuta. Ukimfukuza kila anayenukia gundi, umewafukuza wale baridi itakaowaumiza zaidi. Sharti liwe hakuna kuvuta ndani, chupa inabaki kwa mlinzi. Nne, saa. Wengine hutoka saa kumi alfajiri, basi mlango ufunguke saa hiyo.

Upele nao utakuja, jiandaeni. Kumpaka dawa mtu mmoja ni kazi bure. Wote wanaolala pamoja wapakwe usiku mmoja, kutoka shingoni hadi nyayoni, pamoja na katikati ya vidole, na mashuka na nguo zifuliwe kwa maji moto siku inayofuata. Kisha rudieni kama muuguzi atakavyoelekeza. Wachanga na wajawazito muuguzi ndiye awachagulie dawa. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata kama vijidudu vimekufa, kwa hiyo wahudumu wasikimbilie kusema dawa ni feki na kuwapaka watu kila siku.

Lakini ukumbi ni wa kuvusha baridi tu. Msiukubali kama jibu zima.

Sasa ukurasa wenu. Msiandike "kaunti ishughulikie familia za mitaani". Andikeni mistari ya bajeti: wahudumu wawili wa ustawi kwa kila kaunti ndogo, zote 17, wenye nauli yao, mfuko wa kodi ya miezi mitatu na deposit, idadi ya familia itajwe, mtu mmoja wa kushughulikia karatasi katika kila kaunti ndogo, ukumbi mmoja wa usiku kwa Juni na Julai, na gharama ya maji, mlinzi wa kike na wa kiume, na muuguzi. Kipimo cha mafanikio mkiandike nyinyi wenyewe, kwa sababu kikiachiwa ofisi kitakuwa "watu walioondolewa barabarani". Chenu kiwe: familia ngapi bado ziko ndani ya nyumba baada ya miezi sita, na watoto wangapi bado wako darasani.

Tarehe ni hizi. Mkakati wa fedha wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na humo ndimo kila sekta hupangiwa kiwango chake. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na matumizi huanza Julai 1. Mkingoja vikao vya Mei mtakuta pesa imeshagawanywa na mnaombwa tu maoni. Pelekeni nakala mbili, moja kwa karani wa bunge la kaunti na moja kwa idara ya fedha, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na MCA wenu, mwakilishi wa wodi, apewe yake mkononi. Kama mmechelewa mwaka huu, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Ingieni hapo.