Naomba ushauri: hataza (patent, haki ya kipekee ya uvumbuzi) ya programu Ulaya

Wakuu, habari zenu. Mimi na mwenzangu tuko Ujerumani, tumetengeneza programu inayobana data za vihisi ili betri idumu. Kifungu cha 52 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kinakataa programu ya kompyuta ikiwa peke yake, ila ikileta athari ya kiufundi inapita. Kuokoa betri naona kunatosha. Mwenzangu anabisha, eti hakimiliki inatutosha. Sasa mtu akiandika upya wazo lilelile kwa msimbo wake, tutamfanya nini? Tena anataka tuipeleke kwenye maonyesho kwanza! Huku hakuna ile miezi 12 ya Marekani ya kuomba hataza baada ya kuuonyesha uvumbuzi hadharani. Waliopitia haya: tuanze Ofisi ya Hataza ya Ulaya au ya Ujerumani (zote ziko Munich)? Na madai (sehemu ya ombi inayotaja kinachotakiwa kulindwa) mliyaandikaje mkaguzi asiyaone hesabu tupu?